Fundi Wangu Aliona, Akanyamaza

(Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi, Sinza, mbele ya wenye biashara ndogo wapatao 40: washonaji, wasusi, mawakala wa pesa za simu, mama lishe wawili, na kijana mmoja wa kuosha magari aliyenikatiza katikati kwa swali zuri. Niliombwa niyaweke kwenye maandishi. Nimepunguza vicheko na kurudiarudia, mengine nimeyaacha yalivyotoka mdomoni.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, kaka zangu na dada zangu, asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na wengine wote, habari za asubuhi.

Nilipopigiwa simu nikaambiwa nije nizungumzie mafunzo kwa wafanyakazi, nilicheka. Mwenyekiti shahidi. Nilimwambia, kaka, umekosea namba. Mafunzo kwa wafanyakazi ni ya watu wenye ukumbi, projekta na sambusa za saa nne. Mimi nina fremu moja Mwananyamala, cherehani tano, moja mbovu, na watu wanne. Meneja ni mimi, mhasibu ni mimi, na anayepanda daladala kwenda Kariakoo kufuata uzi na zipu ni mimi huyu huyu. Akaniambia, basi ndiyo maana tunakutaka wewe.

Kwa hiyo sitatoa somo. Nitasimulia aibu yangu, halafu niseme nilichojifunza humo.

Miaka michache iliyopita nilipata kazi ya sare ya sendofu. Kina mama 12, kitenge kimoja, mshono mmoja, na bibi harusi mtarajiwa ni mtoto wa mteja wangu wa siku nyingi. Kitenge chenyewe kizuri sana, rangi ya maji ya bahari, na juu yake ndege weupe wanaruka. Kumbukeni hao ndege.

Kukata nilikata mwenyewe. Kwangu wakati ule mkasi mkubwa haushikwi na mtu mwingine. Nilitandika kitambaa mezani, nikakikunja ncha kwa ncha ili nipate mbele na nyuma kwa mkato mmoja, nikapanga vipimo, nikakata. Nguo 12, asubuhi moja. Nilijisikia fundi kwelikweli. Wakashona siku tatu, wakapiga pasi, tukazitundika.

Mteja akaja. Akaishika ya kwanza, akaigeuza, akatazama mgongo. Kimya. Akaigeuza tena. Halafu akaniuliza kwa upole, upole ule unaouma kuliko tusi: "Fundi, hawa ndege wa mbele naona wanapaa. Hawa wa mgongoni mbona wanaanguka?"

Washonaji mnacheka kwa sababu mmeshajua. Kwa wengine nieleze. Kitenge cha maua ya kawaida hakina juu wala chini, ukikigeuza ni kile kile. Lakini chenye ndege, chenye kuku, chenye picha ya mtu, kina kichwa na miguu. Ukikikunja ncha kwa ncha, tabaka moja linasimama na jingine linalala kichwa chini. Nguo zote 12 zilikuwa na ndege wanaopaa kifuani na ndege wanaotumbukia mgongoni. Sendofu Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nilinunua kitambaa kingine kwa pesa yangu. Tulikesha siku mbili. Mteja nilimpata akaondoka na nguo zake, ila kazi ile niliifanya kwa hasara, na hasara ya pesa ndiyo ilikuwa ndogo kuliko zote.

Kubwa ilikuja Jumapili. Nina fundi mmoja mtu mzima, sisi sote tunamwita Mzee, amekaa kwenye cherehani tangu mimi sijaolewa. Tumekaa tunakunywa chai, nikasema, yaani watu watano humu ndani, hakuna hata mmoja aliyeona! Mzee akaweka kikombe chini. Akasema, "Mama, mimi niliona. Niliona ulipokunja."

Nikamwuliza, sasa mbona hukusema?

"Hukuniuliza. Na siku ile ya yale mashati niliposema, ulinijibu, Mzee, wewe kazi yako ni kushona."

Ndugu zangu, niliyasema kweli maneno hayo. Nilikuwa nimeyasahau kabisa. Yeye hakuyasahau.

Basi ndipo nilipoanza kutazama duka langu kwa jicho jingine. Nilikuwa nasema sina uwezo wa kuwapa watu wangu mafunzo, kumbe mafunzo yenyewe nilikuwa nimeyaajiri, yamekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, na yanajua kwamba ndege wana kichwa na miguu. Tatizo langu lilikuwa kwamba elimu ile haitembei. Inakaa pale pale ilipo. Inaingia asubuhi na Mzee na kutoka jioni na Mzee.

Nikaanza kumchunguza Mzee. Anashona kola ya shati, pembe zake mbili zimesimama kama ncha ya kalamu. Vijana wangu wakishona, pembe inakuwa butu, inavimba kama pua ya mtu mwenye mafua. Nikagundua jambo: Mzee akifika kwenye pembe anageuza mgongo. Hasemi kitu, anajisogeza tu kidogo, bega linaziba. Sekunde kumi hivi. Akimaliza anarudi kukaa kama kawaida. Miaka yote hiyo tuko chumba kimoja, na nilikuwa sijaona kwamba mtu huyu ana siri ya sekunde kumi.

Nilimfuata jioni, wengine wameondoka. Nikamwambia, Mzee wangu, naomba uwafundishe vijana ile pembe. Akanitazama. Akaniuliza swali ambalo ndilo hotuba yangu yote ya leo, mengine ni maelezo tu.

"Mama, unanilipa kwa nguo au kwa mwezi?"

Kwa nguo.

"Nikikaa saa nzima namfundisha kijana, hiyo ni sketi yangu moja imeondoka. Utanilipa hiyo sketi? Na kijana akishajua kola, zile kola unazoniletea mimi utampelekea nani?"

Sikuwa na jibu. Tunapenda kulalamika kwamba mafundi wana roho mbaya, mafundi wachoyo, mafundi wanaficha ujuzi. Wasusi wanasema hivyo hivyo, gereji wanasema hivyo hivyo. Mimi siku ile nilielewa kwamba Mzee hana roho mbaya hata kidogo. Anajua hesabu. Mimi ndiye niliyekuwa namlipa asifundishe. Kila Jumamosi nilipokuwa nahesabu nguo na kumpa chake, nilikuwa namwambia kwa vitendo: ukimsaidia mwenzako, utakula kidogo.

Nataka mlibebe hilo moja, hata mengine mkiyaacha mlangoni. Kabla hujawaambia watu wako wafundishane, angalia unavyowalipa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna mtu hapa atasema, si uwapeleke chuoni? Nawaheshimu sana watu wa chuo. VETA, yaani mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo kwa sheria ya mwaka 1994, na pale Chang'ombe wanatoa mafundi wazuri, hilo nalishuhudia. Lakini tupige hesabu ya duka letu. Sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 inatuita sisi biashara ndogo sana: mtu 1 mpaka 4, mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Utafiti wa nchi nzima uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta biashara ndogo zaidi ya milioni 3, na nyingi ya hizo ni mtu peke yake au na msaidizi mmoja. Ukiwa na watu wanne, ukampeleka mmoja kozi miezi mitatu, umefunga robo ya kiwanda. Kampuni kubwa ikipeleka mmoja hawajui hata kama hayupo.

Halafu kuna ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL. Zamani ilimgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 4, na tangu mwaka 2021 inaanzia wafanyakazi 10. Sisi tulishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini tozo ile ndiyo inayochangia mafunzo ya ufundi. Sisi hatumo kwenye kulipa, na ukiniuliza mimi, hatumo sana hata kwenye fikra za wanaopanga ratiba za kozi. Kozi inaanza saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Mteja wangu naye anakuja saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Silalamiki, naeleza tu kwa nini ilibidi nitafute njia ndani ya fremu yangu.

Njia yenyewe ni saa moja. Jumatatu, saa mbili hadi saa tatu asubuhi, kwa sababu Jumatatu asubuhi Mwananyamala nzima imechoka na harusi za wikiendi, hakuna anayekuja kupimwa. Saa hiyo cherehani zinazimwa zote isipokuwa moja. Anayefundisha analipwa na mimi thamani ya sketi moja, papo hapo, mkononi, kabla hajaanza. Na tukakubaliana na Mzee kwamba kwa mwezi mmoja, kila kola ya kijana itakayopita mikononi mwake akaikubali, yeye anapata shilingi 500. Kola mbovu, hapati. Ghafla Mzee akawa mwalimu mkali kuliko wa darasa la saba.

Jumatatu ya kwanza akawaita vijana wawili mezani. Akakaa, akashona upande mrefu wa kola, akafika kwenye pembe. Safari hii hakugeuza mgongo. Akasema, "Nyinyi mnafika hapa mnageuza kitambaa mara moja, kama mtu anayekata kona kwa bodaboda. Ndiyo maana inavimba. Angalia." Akasimamisha sindano ndani ya kitambaa, akainua mguu wa cherehani, akageuza nusu tu, akapiga tundu moja, yaani hatua moja ya sindano, moja tu, la mshazari, kukatiza pembe. Akageuza nusu iliyobaki, akaendelea. Halafu akachukua mkasi mdogo akapunguza kitambaa pale pembeni, karibu na uzi bila kuugusa, akaigeuza kola nje kwa kijiti cha mshikaki. Kwa kijiti, akasisitiza, usigeuze kwa ncha ya mkasi, utatoboa. Pembe ikatoka imesimama.

Tundu moja la mshazari. Hiyo ndiyo siri. Ukiisikia unaona kama utani, lakini kijana wangu alikuwa ameharibu pembe za kola miaka miwili kwa kukosa tundu moja.

Baada ya hapo Mzee alitaka kunyanyuka, kazi imekwisha, ameonyesha. Nikamwambia bado. Kuna kitu nilikuwa nimekisoma mahali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vya Marekani viliingiza watu wengi ambao hawajawahi kushika mashine, ikabidi wasimamizi wafundishwe namna ya kufundisha haraka. Wakawekewa hatua nne: mtulize mwanafunzi na umjue anajua nini, muonyeshe, mwache afanye yeye, halafu mfuatilie. Nne zote nzuri, ila iliyonikaa ni ya tatu, kwa sababu walisema akifanya, aeleze kwa mdomo wake anafanya nini na kwa nini. Mkono ufanye, mdomo useme. Basi nikamweka kijana kwenye kiti. Akashona pembe, ikatoka nzuri. Nikamwuliza, kwa nini tundu lile moja? Akasema, "Mzee kasema." Hapo ujue hajajua. Tukarudia. Mara ya tatu akasema, "Ili kitambaa cha ndani kipate pa kulala kikigeuzwa." Mzee akatikisa kichwa. Nikamwona anafurahi, na mimi Mzee sijawahi kumwona anafurahi kabla ya saa nne.

Jambo jingine la Jumatatu, na hili ndilo lililonigharimu kiburi: zamu inazunguka. Mzee wiki hii, binti wa vifungo wiki ijayo, na mimi pia nakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Binti wa vifungo ana miaka 19. Alitufundisha kuandika vipimo. Sisi tulikuwa tunaandika kwenye vipande vya karatasi, tunavibana kwenye kitambaa kwa pini, pini inachomoka, karatasi inaruka, kisha tunaanza kubishana kiuno hiki cha nani. Yeye alisema, piga picha: mteja akiwa amesimama, futi kamba ikiwa kiunoni, namba inaonekana. Mambo ya watoto wa simu. Na ni yeye aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Anti, kwa nini mtu mpya anaanza na vifungo na pindo? Kwa nini asianze kukata, si ndiyo mwanzo wa nguo?"

Nilimjibu ndivyo ilivyo, ndivyo tulivyokuta. Baadaye nikaja kujua kuna mtafiti wa Marekani, Jean Lave, ambaye miaka ya 1970 alikaa na mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia, akiwatazama wanavyolea wanagenzi wao. Akaona jambo lile lile: mwanagenzi anaanza mwisho wa nguo na kurudi nyuma. Kwanza vifungo na pindo, halafu kushona, mwisho kabisa kukata. Na wanaanza na kofia na nguo za ndani na za watoto, suti inakuja baadaye sana. Sababu ukiifikiria ni ya kiduka kabisa. Pindo likiharibika unalifumua. Kitambaa kikikatwa vibaya, kimekatwa. Na yule anayepiga pindo kila siku anaishika nguo iliyokamilika kila siku, anaijua umbo lake kabla hajaambiwa aitengeneze. Hakuna aliyeketi akaandika mtaala ule. Mafundi waliulea wenyewe kwa kuogopa hasara. Nilipomwambia binti, akasema, "Kwa hiyo nipo darasani siku zote, ila hamkuniambia." Nilikosa la kusema.

(Hapa ndipo yule kijana wa kuosha magari aliponyoosha mkono bila kusubiri. Akasema: "Mama, samahani. Wewe una Mzee. Sisi tuko wawili, mimi na mdogo wangu, tumeanza juzi, wote hatujui. Nani amfundishe nani?")

Ahsante mwanangu, umeniwahi.

Kwenye uchochoro wangu tuko fremu tatu zinazopakana: mimi, saluni, na dada wa uwakala. Kazi hazifanani kabisa. Lakini siku moja mteja alikuja kuchukua gauni, akanionyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba ameshatuma pesa. Kijana wangu akasoma, akaona kiasi, akaona jina langu, akampa gauni. Pesa haikuwepo. Ujumbe ulikuwa umeandikwa tu. Dada wa uwakala aliposikia alishika kiuno: "Yaani nyie mnasoma simu ya mteja?" Jumatatu iliyofuata alikuja kwetu na kigoda chake, akatufundisha kwa dakika ishirini: ujumbe wa mteja hausomwi, unaangalia salio lako mwenyewe, akisema mtandao unasumbua, gauni nalo linasubiri mtandao, akiwa na haraka sana, wewe punguza haraka. Yeye kwake hilo ni jambo la siku ya kwanza kazini. Kwetu lilikuwa geni.

Saluni nao wakatufundisha kumpokea mteja. Msusi hawezi kumnunia mtu atakayekaa naye masaa sita, kwa hiyo wana adabu ya kazi ambayo sisi mafundi hatuna. Sisi mteja akiingia tunaendelea kukanyaga cherehani, tunamsemesha tukiwa tumeinama. Tumejifunza kuinua kichwa. Sisi tukawashonea ile mifuko ya kuning'iniza vitana na kuwafundisha kuitengeneza wenyewe ikichanika. Kwa hiyo kijana, tazama kulia na kushoto kwako. Mtu wa jirani hajui kuosha gari, lakini anajua kitu ambacho wewe kutokukijua kunakula pesa yako kila wiki.

Na msidhani hili ni jambo geni nchi hii. Wazee waliomo humu wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Redio moja, kijitabu, na kikundi kimekaa chini ya mwembe, wiki kumi na mbili. Walihudhuria watu wapatao milioni 2. Madaktari wangetoka wapi wa kutosha? Kiongozi wa kikundi alikuwa mwanakijiji mwenzao anayejua kusoma, aliyepewa mafunzo kidogo. Wanasikiliza, wanajadiliana, halafu wanaamua watafanya nini. Bibi yangu alikuwa kwenye kikundi, Kilosa, na kila alipokisimulia alikuwa akianza na choo. "Tulisikiliza, tukabishana, tukachimba." Redio ilisema hivyo hivyo kwa nchi nzima, lakini bibi hakuchimba kwa sababu ya redio. Alichimba kwa sababu jirani yake alisema mbele ya watu kwamba atachimba.

Sasa nisiwapake asali tu. Kufundishana kuna ubaya wake, na mimi umenipata.

Nilimpokea kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye karakana nyingine. Mchangamfu, mwepesi wa kusaidia. Cherehani ikiwa nzito yeye ndiye wa kwanza kuinamia. Jumatatu yake akafundisha kutunza mashine, akaonyesha namna ya kutia mafuta. Mafuta yenyewe, ndugu zangu, ya kupikia. Alikotoka ndivyo walivyofanya. Na mashine ukiitia mafuta ya kupikia, siku mbili za kwanza inateleza kweli, kwa hiyo wote tukamshukuru. Mwezi wa pili cherehani tatu zimekuwa nzito kama kusukuma mkokoteni mlimani. Nikamleta fundi wa mashine kutoka Kariakoo, akafungua, akatoa kitu cha njano kimeganda ndani kama gundi. Akanitazama kama mtu aliyemlisha mtoto sabuni.

Nilichoona pale ni kwamba ujinga nao unafundishika, tena kwa njia ile ile, kwa upendo ule ule, kwenye saa ile ile ya Jumatatu. Mkiwa watano tu na mkaaminiana sana, kosa la mmoja linakuwa desturi ya nyumba. Kwa hiyo siku hizi, kila baada ya miezi michache namwita mtu wa nje. Fundi wa mashine anakuja na chupa ya mafuta ya cherehani, anakaa saa moja, namlipa. Anayetaka cheti nampeleka mbele: VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini na kumrasimishia ujuzi wake. Kijana wa kola anajiandaa kwa hilo. Mzee nilipomwambia naye akapimwe, aliuliza atakayempima anajua kugeuza pembe? Nimeacha.

La mwisho ni lile mnaloliogopa, nalisikia linanong'onwa pale nyuma: ukimfundisha ataondoka. Ndiyo. Ataondoka. Wa kwangu ameondoka mmoja, dada mzuri sana wa magauni, amefungua fremu mtaa wa tatu kutoka kwangu, na wateja watatu wamemfuata. Iliniuma, sitadanganya. Sikula vizuri wiki ile. Lakini nilipiga hesabu ya miaka minne aliyokaa akiwa anajua, nikaiweka pembeni ya miaka minne ambayo angekaa akiwa hajui, na mimi nimekaa naye. Nikajua ipi ningeichagua. Msimu wa Idi uliopita alizidiwa na kazi, akaniletea magauni manane tumshonee. Nilimtoza bei ya kawaida. Na mmoja wa wale wateja watatu amerudi, anasema huko foleni ndefu.

Mzee bado yupo. Zile shilingi 500 za kola zilikwisha mwezi ule mmoja kama tulivyokubaliana, na nilidhani atarudi kugeuza mgongo. Hakurudi. Nilimwuliza kwa nini. Akasema sasa akiumwa kuna mtu wa kumalizia mashati yake, na akirudi anakuta mteja hajamkimbia.

Mkasi mkubwa siku hizi unashikwa na watu watatu. Kitambaa kikija chenye picha, kabla hakijakunjwa, yeyote aliye karibu anauliza kwa sauti, "Ndege wanaelekea wapi?" Tunauliza hata kama ni maua. Wateja wanatuona wehu.

Jumatatu hii zamu ni ya binti wa vifungo tena. Anataka kutufundisha kupiga picha nguo zikiwa zimevaliwa, tuziweke kwenye simu wateja wachague mshono humo. Nimeshaambiwa nije nimevaa vizuri kwa sababu mfano ni mimi. Anayetaka kuja kutazama aje, Mwananyamala ulizia fremu ya ndege, utaonyeshwa. Ila uje na kigoda chako, vya kwetu havitoshi.